Vifaa vya kuongoza kompyuta kwa ishara: Vilikotoka na vinavyovifikia vijiji

KATIKA Kata ya Mpitimbi, kusini mwa mji wa Songea kwenye njia iendayo Mkenda mpakani na Msumbiji, mtu anayetaka kusimamisha gari hunyoosha mkono na kuushusha mara mbili tatu, kiganja kikitazama ardhi. Dereva huelewa. Anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya shamba la mahindi hufanya ishara inayokaribia kufanana na hiyo: kiganja chini, vidole vikikunjwa kuelekea kwake. Mwenzake naye huelewa, wala hadhani kwamba anaambiwa asimame.

Kompyuta ikiwekwa hapo kati haina uhakika huo. Kwake mkono unaoshuka ni mkono unaoshuka tu. Haijui kama gari linasimamishwa, mtu anaitwa au nzi anafukuzwa. Kuifundisha tofauti hiyo ndiyo kazi iliyowachukua wahandisi zaidi ya miaka 40, na ndiyo iliyozaa vifaa vinavyomwezesha mtu kuiongoza kompyuta kwa kupunga mkono, kunyoosha kidole au kuinamisha mwili, bila kugusa kibodi wala kipanya.

Kwa mkazi wa kijijini habari hizi zaweza kuonekana za mbali. Vifaa vyenyewe vilitengenezewa wateja wa Marekani, Japan na Ulaya, na vingi vimekwishaondolewa sokoni. Lakini ujuzi uliokuwa ndani yake haukupotea. Umehamia kwenye kamera ya simu ya mkononi, na simu hufika mahali ambapo mashine hizo hazikupata kufika. Hapo suala hili linamgusa mtu mmoja kuliko wengine wote, naye ni mtoto kiziwi, ambaye mikono ndiyo kinywa chake.

Kuhisi mwendo ni nini

Kifaa cha namna hii hutegemea kihisi, yaani sehemu inayopima badiliko fulani na kuligeuza kuwa namba ambazo kompyuta inaweza kuzisoma. Badiliko hilo laweza kuwa la mwanga, la mwendo, la sumaku au la mawimbi ya redio. Programu hupokea namba hizo, ikazilinganisha na mifano iliyofundishwa, kisha ikaamua: hii ni amri ya kufungua ukurasa, hii ni ya kuufunga, na hii si amri.

Njia za kupima ni tatu kwa ujumla. Mtumiaji anaweza kuvaa au kushika kihisi mkononi, kama glovu au rimoti. Anaweza pia kusimama mbele ya kamera inayomtazama. Ya tatu, ambayo ni changa, ni ya rada ndogo inayotuma mawimbi na kupima yanavyorudi baada ya kugonga mkono.

Zipo njia nyepesi zaidi ambazo watu huzitumia kila siku bila kuzipa jina. Simu ya kisasa inapogeuzwa ubavu na picha ikageuka nayo, kihisi cha mwendo kilichomo ndani ndicho kilichofanya kazi. Inapowekwa sikioni na kioo kikazimika, kihisi cha ukaribu kimeliona sikio. Mama anayempigia mwanawe aliye Dar es Salaam huwa ameiamrisha simu yake kwa ishara kabla hajasema neno.

Kutoka ala ya muziki hadi glovu

Wazo lenyewe limetangulia kompyuta. Karibu mwaka 1920, mwanafizikia wa Urusi Leon Theremin alibuni ala ya muziki isiyoguswa. Ilikuwa na antena mbili; mkono mmoja ulipokaribia antena ya kwanza sauti ilipanda, na mkono wa pili ulipokaribia nyingine sauti ilipungua nguvu. Mwili wa binadamu huathiri uwanja wa umeme ulioizunguka antena, na ala ilipima athari hiyo. Theremin alipata hataza ya Marekani mwaka 1928.

Mwaka 1980 Richard Bolt wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, alieleza mfumo ambao mtu aliketi mbele ya ukuta wenye picha, akanyoosha kidole na kusema, "Weka hicho pale." Kihisi cha sumaku kilichofungwa mkononi kiliiambia kompyuta kidole kinaelekea wapi, na sauti ikaeleza kinachotakiwa. Neno "hicho" peke yake halina maana, na kidole peke yake hakina amri. Viwili vikikutana, mashine ilijua la kufanya. Vifaa vingi vilivyofuata vilisahau somo hilo na kuutaka mkono useme kila kitu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja glovu ya kampuni ya VPL ya Marekani. Ilikuwa na nyuzi za kupitisha mwanga juu ya vidole. Kidole kilipopinda, mwanga uliofika upande wa pili ulipungua, na kompyuta ikajua kimepinda kiasi gani. Iligharimu maelfu ya dola, hivyo ikabaki maabara. Mwaka 1989 glovu rahisi iliyochukua sehemu ya ujuzi huo, Power Glove, iliuzwa kwa ajili ya mashine ya michezo ya Nintendo. Watoto waliivutiwa, lakini ilikosea mara kwa mara na haikudumu.

Mwaka 2003 Sony ilitoa EyeToy, kamera ndogo ya PlayStation 2 iliyomwonyesha mchezaji ndani ya picha akipangusa na kupiga vitu kwa mikono. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2006, Nintendo ikatoa Wii, na hapo ndipo dunia ilipoona wazee na wajukuu wakirusha mikono sebuleni kana kwamba wanacheza tenisi. Rimoti yake ilikuwa na kihisi cha kasi ya mwendo, na zaidi ya mashine milioni 100 ziliuzwa.

Rimoti hiyo ilikuwa na siri moja ya kufurahisha. Ili ijue inaelekea wapi, ilitazama taa mbili za miale ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho, zilizowekwa karibu na televisheni. Wengi walidhani kijiti hicho chenye taa ndicho kinachohisi, kumbe kilikuwa kinawaka tu. Waliopoteza kijiti hicho waligundua kwamba mishumaa miwili iliyowashwa na kutenganishwa kidogo ilitosha, kwa kuwa moto nao hutoa infraredi.

Kinect ilivyoona mwili

Kifaa kilichobadili mambo kwa ukweli ni Kinect ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa Marekani Novemba 4, 2010 kwa dola 149.99 kwa ajili ya mashine ya Xbox 360. Hakikuwa na kitu cha kuvaa wala kushika. Katika siku 60 za kwanza viliuzwa vifaa milioni nane, nacho kikaingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kama kifaa cha kielektroniki kilichouzwa kwa kasi kuliko vyote.

Namna kilivyofanya kazi inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndiyo msingi wa vingi vilivyofuata. Teknolojia yake ya kupima umbali ilitoka kampuni ya PrimeSense ya Israel. Taa yake ilimwaga chumbani maelfu ya nukta za infraredi kwa mpangilio maalumu. Kamera iliyokuwa pembeni ilizitazama nukta hizo. Nukta iliyoangukia kitu cha karibu ilionekana imesogea kuliko iliyoangukia ukuta wa nyuma, na kutokana na kusogea huko kompyuta ilikokotoa umbali. Matokeo yalikuwa picha ambayo kila sehemu yake ilieleza umbali badala ya rangi, mara 30 kwa sekunde.

Kupata umbali ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kujua katika picha hiyo mkono ni upi, goti ni lipi na kichwa ni kipi. Watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, wakiongozwa na Jamie Shotton, walieleza mwaka 2011 jinsi walivyoigawa picha ya mwili katika sehemu 31 na kuifundisha kompyuta kuitambua kila sehemu. Mifano mingi haikuwa ya watu waliopigwa picha mmoja mmoja. Ilitengenezwa kwa kompyuta: warefu, wafupi, wanene, wembamba, katika mikao ya kila aina. Mfumo uliolishwa mifano mingi hivyo uliweza kumfuata mtu ambaye haujawahi kumwona.

Swali la nani amewekwa katika mifano lilijitokeza mapema. Kinect ilipoanza kuuzwa zilizuka taarifa kwamba sehemu yake ya kutambua sura iliwakosa baadhi ya wachezaji weusi. Shirika la Consumer Reports la Marekani lililifanyia jambo hilo majaribio mwezi huohuo na kusema tatizo lililoonekana lilikuwa la mwanga hafifu chumbani, na kwamba ufuatiliaji wa mwili haukuathirika. Ufafanuzi huo unaingia akilini, kwa sababu miale ya infraredi haitegemei mwanga wa taa ilhali kamera ya kawaida inautegemea. Hata hivyo, hauwapi nafuu wanaoishi katika nyumba zenye taa moja.

Mwaka 2018 utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru nchini Marekani ulionyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure. Programu za kibiashara za kutaja jinsia ya mtu kwa kutazama sura zilikosea kwa hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, na kwa asilimia 0.8 tu kwa wanaume weupe. Sura si mkono, lakini kanuni ni moja: mashine huwaona vizuri wale iliofundishwa kwao.

Kinect ilizaliwa na kufa kabla gridi ya Taifa haijafika Songea. Microsoft ilisimamisha utengenezaji wake Oktoba 2017. Njia ya umeme mkubwa kutoka Makambako iliunganisha Songea na gridi mwaka 2018, na kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Kifaa kilichotaka televisheni kubwa, mashine ya michezo na umeme usiokatika hakikuwa na nafasi katika mazingira hayo, hata kama kingetolewa bure.

Na kama umeme ungekuwapo, jua lingekizuia. Mwanga wa jua una infraredi nyingi, na nje mchana nukta za Kinect ya kwanza zilimezwa kabisa. Darasa lenye madirisha mapana yasiyo na pazia, au kikao chini ya mwembe, ni mahali ambapo ingekuwa kipofu.

Mkono unachoka

Sababu ya vifaa hivi kutoshinda kipanya si bei pekee. Filamu ya Marekani ya Minority Report ya mwaka 2002 iliwaonyesha watazamaji mpelelezi akizungusha picha hewani kwa mikono miwili, na wengi wakaamini kwamba kazi za ofisini zingefanyika hivyo. Mtu akiweka mikono juu kwa dakika chache ataona mabega yakiuma. Wahandisi wameuita uchovu huo "mkono wa sokwe" tangu siku za kioo cha kuguswa kilichosimamishwa wima. Anayelima kwa jembe kutwa nzima huinua mikono mara nyingi zaidi, lakini jembe hurudi chini kwa uzito wake. Mkono unaoelea mbele ya skrini hauna pa kupumzika.

Kasoro ya pili ni ile ya nzi. Kipanya kikiachwa mezani kimenyamaza. Kamera hainyamazi, kila mjongeo ulio mbele yake, hata wa kujikuna, waweza kugeuka amri. Watengenezaji walijaribu kuweka ishara ya kuanzia, kwa mfano kupunga mkono kwanza ili kifaa kiamke, lakini kila ishara ya ziada iliongeza kazi kwa mtumiaji.

Lipo eneo moja ambalo kero hizo zilivumilika: chumba cha upasuaji. Daktari aliyekwisha vaa glovu safi hawezi kugusa kibodi bila kujichafua, lakini anahitaji kuona picha za ndani ya mwili wa mgonjwa. Hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto, Kanada, ilijaribu Kinect kwa kazi hiyo mwaka 2011, na ya Mtakatifu Thomas mjini London mwaka 2012. Wapasuaji walipekua picha kwa kupunga mikono badala ya kumwagiza mtu mwingine abonyeze. Hapo ishara inatumika kwa dakika chache, kwa amri chache, na faida yake ni dhahiri.

Waliokuja baada ya Kinect walikijaribu kila kimo. Kampuni ya Leap Motion ya San Francisco ilitoa Julai 2013 kijiboksi cha dola 79.99 kilicholazwa mezani mbele ya kompyuta, chenye kamera mbili na taa tatu za infraredi, kilichovifuata vidole kumi katika nafasi ya takriban sentimita 60 juu yake. Kilikuwa sahihi kwa namna ya kushangaza, lakini watu wengi walikitumia kwa wiki kadhaa kisha wakarudi kwenye kipanya. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilinunuliwa na Ultrahaptics ya Uingereza, na jina jipya likawa Ultraleap.

Google nayo iliweka rada ndogo ya mawimbi ya gigahezi 60 katika simu ya Pixel 4 mwaka 2019, ili mtu abadili wimbo kwa kupitisha mkono juu ya simu. Simu hiyo haikuuzwa India kwa sababu masafa hayo hayakuwa yameruhusiwa huko kwa matumizi ya namna hiyo. Ni funzo kwa nchi yoyote yenye mamlaka ya masafa, Tanzania ikiwamo kupitia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): ishara ya mkono ikipimwa kwa redio, inakuwa suala la leseni. Pixel iliyofuata, ya mwaka 2020, haikuwa na rada hiyo.

Leo ishara za mikono zinatumika zaidi katika miwani mikubwa ya kompyuta, kama Quest ya Meta na Vision Pro ya Apple iliyoanza kuuzwa Februari 2024 kwa dola 3,499. Hapo mkono hauhitaji kuinuliwa. Kamera za miwani huuona ukiwa umetulia pajani.

Ujuzi ulivyohamia kwenye simu

Agosti 2019 watafiti wa Google walitoa programu ya bure, sehemu ya mkusanyiko uitwao MediaPipe, inayotambua mkono kwa kamera ya kawaida ya simu. Haihitaji taa ya infraredi wala kamera ya pili. Kwanza hutafuta kiganja, kwa kuwa kiganja hakibadiliki umbo sana na ni rahisi kukipata kuliko vidole. Kisha huweka nukta 21 juu ya mkono: kwenye kifundo, kwenye kila kiungo cha kidole na kwenye kila ncha. Kwa mwendo wa nukta hizo, programu nyingine yoyote yaweza kujua kama mkono umefumbwa, umekunjuliwa au unaonyesha namba mbili.

Watafiti hao walisema walitumia picha halisi zipatazo 30,000 zilizowekewa nukta kwa mkono, wakaongeza na za kutengenezwa kwa kompyuta. Jambo lenye uzito kwa kijiji ni kwamba programu ikishawekwa, hesabu zote hufanyika ndani ya simu yenyewe. Haihitaji intaneti wala vifurushi vya data kila inapotumika. Hilo ndilo lililobadilika kweli tangu enzi za Kinect: kilichokuwa boksi la dola 150 na mashine yake sasa ni programu ya bure, na mtu hahitaji zaidi ya simu yenye kamera na chaji.

Mtu angeuliza, na kwa haki, mkulima wa mahindi afanye nini na uwezo huo. Kwa kufungua ujumbe au kutuma fedha, kidole juu ya kioo kinatosha na hakichoshi. Kwa mtu asiye na mikono, au ambaye mikono yake inatetemeka, kamera yaweza kufuata kichwa au uso badala yake, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kundi ambalo ishara kwao si njia ya mkato bali ni lugha kamili ni viziwi.

Mikono inayosema

Jaribio lililojulikana zaidi Afrika Mashariki ni la Roy Allela, mhandisi wa Kenya, aliyetengeneza glovu ziitwazo Sign-IO. Alianza kwa sababu katika familia yake alikuwamo mtoto kiziwi ambaye ndugu zake hawakuijua lugha ya alama. Kila kidole cha glovu kina kihisi kinachopima kupinda. Takwimu zake hutumwa kwa Bluetooth kwenye simu ya Android, na simu hutamka neno kwa sauti. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani (ASME) mjini New York mwaka 2017, na ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2019.

Glovu zilijaribiwa katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu huko Migori, kusini magharibi mwa Kenya. Huko Allela alikutana na tatizo ambalo maabara haikulionyesha vizuri: watoto hawaonyeshi alama kwa kasi moja. Mmoja ni mwepesi, mwingine mtaratibu, na kifaa kinachosubiri mwendo wa aina moja huwakosa wote wawili. Ilibidi programu iruhusu kasi kurekebishwa kwa kila mtumiaji.

Glovu za namna hii zimepingwa pia, na waliozipinga wana hoja. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walipewa tuzo ya dola 10,000 kwa glovu kama hizo. Wanaisimu na viziwi wenyewe waliandika kueleza kwamba lugha ya alama haimo vidoleni pekee. Nyusi zikipandishwa, taarifa hugeuka swali. Kichwa kikitikiswa, kauli hukanushwa. Midomo na mabega hubeba sehemu ya sarufi. Glovu haina macho ya kuona uso. Zaidi ya hayo, humtwika kiziwi mzigo wa kuvaa kifaa ili anayesikia asilazimike kujifunza.

Kwa hoja hiyo kamera ina nafuu, kwa sababu huona mikono na uso kwa pamoja. Watafiti wa Microsoft wa Beijing wakishirikiana na Chuo cha Sayansi cha China walitumia Kinect katika mfumo wa kufasiri lugha ya alama ya China, walioutangaza mwaka 2013. Siku hizi kazi hiyo hujaribiwa kwa kamera za simu na akili mnemba.

Ugumu sasa umeondoka kwenye kifaa na kuhamia kwenye mifano. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa mkusanyiko wa video zaidi ya 25,000 za lugha ya alama ya Marekani, alama 1,000 zikionyeshwa na watu zaidi ya 200. Hata kwa wingi huo, mashine ilipewa maneno ya pekepeke tu, si mazungumzo.

Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT) haina utajiri wa namna hiyo. Si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, bali ni lugha yenye sarufi yake. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974, na nyingine baadaye. Alama zilikua tofauti kati ya shule na shule, na juhudi za kuzisanifu zikaja nyuma yake zikihusisha Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Mtaalamu wa isimu Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi ya LAT mwaka 2004. Kamusi ya kurasa ni hazina kwa mwalimu, lakini mashine haijifunzi mwendo kwa picha iliyosimama. Inahitaji video, na si ya mtu mmoja: ya mtoto na mzee, wa mwendo wa haraka na wa polepole, wa Tabora na wa Songea.

Majirani wametangulia katika kuipa lugha hiyo nafasi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka dola kuendeleza lugha ya alama, na ya Kenya ya mwaka 2010 inaihesabu lugha ya alama ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Nafasi katika sheria huleta wakalimani, wakalimani huleta video, na video ndizo chakula cha mashine.

Kenya tayari inavuna. Oktoba 2025 Elly Savatia alishinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering, pauni 50,000, kwa mfumo uitwao Terp 360, ambao husikiliza maneno na kuyageuza alama zinazoonyeshwa na mtu wa kuchorwa kwenye skrini. Ili mchoro huo usogee kama binadamu, mijongeo ya viziwi wenyewe ilirekodiwa kwa vihisi mwendo. Ni teknolojia ileile ya Kinect na glovu iliyogeuzwa upande: badala ya kiziwi kusomwa na mashine, mashine imejifunza kwa kiziwi ili imsemeshe.

Alama za Kenya, hata hivyo, si za Tanzania. Mtoto kiziwi wa Mpitimbi aliyefundishwa LAT akikaa mbele ya mfumo huo angekuwa mgeni kama Mtanzania anayesikilizishwa taarifa ya habari kwa Kiganda. Angeambulia alama chache zinazofanana na kuyakosa mengine.

Atakayeanza kukusanya video za LAT atakutana pia na sheria. Alama bila uso haikamiliki, kwa hiyo uso wa anayerekodiwa hauwezi kufichwa, na uso ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inadai ridhaa kwa ukusanyaji wa namna hiyo, na kwa mtoto ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Katika nyumba ambayo mzazi hajui lugha ya alama, wa kumweleza mtoto video yake itatumika kwa nini ni mwalimu wake.